Tafiti Nyingi, Swali Moja: Maswali na Majibu kwa Anayezama Katika Taarifa za Afya

Maswali haya huulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa uuguzi na wahamasishaji wa afya ya jamii hapa Kisumu na katika kaunti jirani ya Siaya.

Nikiandika neno "malaria" kwenye PubMed naletewa makala nisizoweza kuzimaliza. Nianzie wapi?

PubMed, hazina ya Marekani ya mihtasari ya makala za tiba, ina rekodi zaidi ya milioni 35, na kila mwaka huongezewa nyingine zaidi ya milioni 1. Hakuna atakayezimaliza, na wala hupaswi kujaribu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea mfuko uliojaa makala alizozitoa kwa printa, karibu kila mstari umepakwa rangi ya njano, lakini nilipomuuliza anatafuta nini hasa, alinyamaza. Bidii yake ilikuwa kubwa. Kilichokosekana ni swali.

Kabla ya kushika simu, andika juu ya ukurasa wa daftari unamzungumzia mgonjwa gani, hatua gani, ukiilinganisha na nini, na unatarajia kuona badiliko gani. Kwa mfano: "Je, watoto wanaolala ndani ya chandarua chenye dawa hufa kwa uchache kuliko wasio na chandarua?" Kisha tafuta kwanza mapitio ya kimfumo, yaani kazi ya wataalamu waliokusanya tafiti zote za swali moja, wakapima ubora wake na kutoa jibu la jumla. Cochrane, mtandao wa watafiti ulioanzishwa mwaka 1993, hufanya kazi hiyo, na mapitio yake kuhusu vyandarua yanaonyesha kwamba vifo vya watoto hupungua kwa takribani asilimia 17. Miongoni mwa tafiti zilizojumlishwa humo upo uliofanyika Asembo, kaunti ya Siaya.

Kwa nini utafiti mmoja hutajwa kwa takwimu tofauti? Kuhusu tohara kupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU, nimesoma asilimia 53, na kwingine asilimia 60.

Swali hili nalipenda, kwa sababu utafiti wenyewe ulifanyika hapa Kisumu na matokeo yake yakachapishwa Februari 2007. Wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likatahiriwa mara moja na lingine likasubiri. Katika miaka miwili, 22 kati ya waliotahiriwa waliambukizwa VVU, na 47 kati ya waliosubiri. Ukilinganisha makundi kama yalivyogawanywa, hatari ilipungua kwa asilimia 53. Watafiti walipozingatia wale ambao hawakufuata mpango wa kundi lao, na kuwaondoa wachache waliogunduliwa kuwa tayari walikuwa na virusi walipoandikishwa, kinga ilifika asilimia 60. Takwimu zote mbili ni za kweli. Zinajibu maswali mawili.

Ipo na ya tatu, ambayo magazeti huisahau. Kati ya kila wanaume 100 waliosubiri, takribani 4 waliambukizwa, na kati ya 100 waliotahiriwa, takribani 2. Asilimia iliyoandikwa peke yake, bila kutaja "kati ya wangapi", humpotosha hata msomaji makini. Kijana anayesikia "asilimia 60" akadhani hahitaji tena kondomu amedhurika kwa taarifa iliyo sahihi, na hilo hunihuzunisha kuliko uongo wa wazi.

Je, tarehe ya utafiti ina uzito?

Ina uzito mkubwa. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililowahusisha pia watoto wa Siaya na Kombewa, lilitoa matokeo ya awali mwaka 2011 yaliyoonyesha kinga ya takribani nusu kwa watoto wa miezi 5 hadi 17. Mwaka 2015, baada ya watoto hao kufuatiliwa kwa takribani miaka minne, kinga kwa waliopata dozi nne ilikuwa asilimia 36. Anayesoma makala ya kwanza tu atawaambia wazazi jambo ambalo watafiti wenyewe wamekwisha kulirekebisha.

Na ujumbe wa WhatsApp unaosema "utafiti umethibitisha"?

Muulize aliyeutuma: utafiti gani, kwa watu wangapi, mwaka gani? Jibu likikosekana, usiusambaze.

Nitajuaje kwamba nimesoma vya kutosha?

Gawa ukurasa wa daftari katika safu tatu: utafiti, idadi ya washiriki, jibu lake kwa swali lako. Makala tatu au nne mpya zikifuatana bila kubadilisha safu ya tatu, simama hapo na uanze kuandika. Ikiwa unajisomea kwa ajili ya ugonjwa wako mwenyewe, usiache wala kubadilisha dawa kwa sababu ya makala. Nenda na ukurasa huo kliniki, uusome pamoja na mhudumu anayekutibu.