Mtawa wa Kivuli: kumjenga mpiganaji anayenyata katika D&D

Karibu kila mchezaji mgeni anayekaa mezani kwangu na kusema "Kaka, mimi nataka ninja" ana picha ileile kichwani: mtu wa nguo nyeusi anayeingia peke yake, anamaliza mlinzi mmoja baada ya mwingine na kutoka bila hata mbwa kubweka. Namwelewa. Shida ni kwamba ndani ya Dungeons & Dragons mtu huyo hamalizi nusu saa bila kuwachosha wenzake waliobaki nje ya ukuta wakichezea simu. Mpiganaji wa mikono mitupu ninayempenda mimi ni wa namna nyingine. Anawaingiza wenzake wote gizani, kisha anaamua vita vianzie wapi. Sheria zenyewe zimempa uwezo huo, ila ukizisoma juu juu hauuoni.

Nazungumzia fani ya mtawa, tawi lake linaloitwa Njia ya Kivuli, kwa sheria za toleo la tano za mwaka 2014. Mabadiliko ya 2024 nitayagusa mbele. Kwa aliyeingia hapa bila kuujua mchezo: kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, mwendeshaji, yaani DM, anasimulia dunia na maadui, na dadu ya pande 20 inaamua kama ulichojaribu kimefaulu. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtawa aliongezwa mwaka 1975, enzi ambazo Wamarekani walikuwa wamepagawa na filamu za kung fu, na mchanganyiko huo haujamtoka hadi leo: mguu mmoja kwenye hekalu la Kichina, mwingine kwa shinobi, yaani ninja, wa Japani.

Kabla hujagusa namba, muulize DM wako swali moja: je, mezani kwako mwanga unahesabiwa? Meza nyingi hazihesabu. Wahusika wanaingia pangoni, mtu anasema "nimewasha mwenge", na habari ya taa inaishia hapo. Kwenye meza ya namna hiyo mtawa wa kivuli ni mpiganaji wa kawaida mwenye jina zuri. Lakini ukihesabu, kila chumba kinakuwa na ramani ya pili juu ya ile ya kuta. Mwenge unatoa mwanga kamili futi 20, kisha nusu-giza futi 20 nyingine. Taa ya mkono yenye kifuniko inatoa futi 30 na 30. Ndani ya nusu-giza, namba ya mlinzi ya kugundua vitu bila kuvitafuta inashuka kwa 5 katika yale anayoyategemea macho. Askari wa kawaida wa kitabuni ana 12, kwa hiyo pembezoni mwa taa yake mwenyewe ana 7. Huko pembezoni ndiko mhusika wako anakoishi.

Kwenye namba, mtawa anadai sana wepesi na hekima, kwa sababu havai deraya. Kinga yake, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili ampige, ni 10, jumlisha nyongeza ya wepesi, jumlisha nyongeza ya hekima. Mimi hutumia mfumo wa kununua sifa sita za mhusika kwa pointi 27: wepesi 15, hekima 15, ustahimilivu 13, nguvu 10, akili 10, mvuto 8. Pointi zimeisha. Ukimfanya elfi wa msituni, moja ya jamii za kubuni za mchezo huu, anaongezewa 2 kwenye wepesi na 1 kwenye hekima, unabaki na 17 na 16, kila moja ikitoa nyongeza ya 3, na kinga ya 16 tangu ngazi ya kwanza ukiwa na kanzu tu mwilini. Elfi huyo pia anaona gizani futi 60, ana kasi ya futi 35, na anaweza kujificha kwenye mvua kubwa, ukungu au majani, mahali ambapo wengine wanaonekana waziwazi. Haflingi, yule wa jamii ya watu wafupi, naye anavutia, maana anajificha nyuma ya mtu yeyote aliyemzidi umbo, hata paladini wenu, yule shujaa wa deraya nzito. Ila haoni gizani na miguu yake ni mifupi, futi 25. Kwa njia hii namweka wa pili.

Ujuzi wa kunyata upate kwenye historia ya mhusika, mhalifu au mtoto wa mtaani. Zote mbili zinakupa na ujuzi wa vifaa vya kufungulia kufuli. Hapo nafasi mbili za ujuzi za fani ya mtawa unazitumia kwa sarakasi na kusoma nia za watu. Kwenye ngazi ya 4, gawa zile pointi mbili: moja wepesi ufike 18, moja ustahimilivu ufike 14. Najua inauma kuacha hekima. Lakini karibu uchawi wote mkubwa wa njia hii unadai umakini, na kila ukipigwa unatupa dadu ya ustahimilivu kuona kama umakini umebaki. Mtawa hana ujuzi kwenye dadu hiyo hadi ngazi ya 14, na nimeona operesheni za usiku mzima zikivurugwa na mshale mmoja wa bahati.

Utamu unaanza ngazi ya 3. Hapo mtawa ana pointi 3 za ki, nguvu ya ndani anayolipia mbinu zake, na zote zinarudi kwa mapumziko mafupi ya saa moja. Kwa pointi 2 anaweza kufanya uchawi mmoja kati ya mitano yake mikubwa kwa midogo... hapana, niseme vizuri: minne inalipiwa (giza, kuona gizani, kupita bila alama, na ukimya), na wa tano, njozi ndogo, ni bure.

Kupita bila alama ndio unaobeba mhusika mzima. Unadumu hadi saa moja na unampa kila mwenzako aliye ndani ya futi 30 nyongeza ya 10 kwenye kunyata. Kumi! Mchukue paladini wenu, wepesi 8, deraya ya chuma kutoka kichwani hadi miguuni, inayomlazimu kutupa dadu mbili na kuchukua ndogo. Mbele ya askari mwenye 12, bila msaada wako, anahitaji dadu zote mbili zionyeshe 14 au zaidi ili amzidi. Hiyo ni kama mara 12 katika 100. Ukiwa na umakini wako juu yake, anahitaji 4 au zaidi kwa kila dadu, takriban mara 72 katika 100. Na akipitia kwenye nusu-giza, kama ni macho tu yanayolinda, askari ana 7 na paladini hawezi kupata chini ya 10. Amepita. Hakuna kitu utakachofanya na ngumi zako ngazi ya 3 kinacholingana na kulipitisha lile sanduku la vyombo getini.

Ukimya ni wa kuharibu siku za wachawi. Duara la futi 20 kila upande, hakuna sauti inayotoka wala kuingia, na uchawi wowote unaohitaji kutamkwa haufanyiki ndani yake. Uweke kwenye chumba kidogo chenye mlango mmoja, usimame mlangoni. Kumshika mchawi kwa nguvu usijaribu, maana nguvu zako ni 10. Kazi yako ni kumzibia njia na kumgonga. Ukimya unafaa pia kwa mambo ya kawaida kabisa, kama kuvunja dirisha au kuangusha mlango wa mbao saa nane za usiku. Kumbuka tu kwamba huwezi kushika ukimya na kupita bila alama kwa wakati mmoja. Umakini ni mmoja.

Giza lenyewe, ule uchawi ambao wageni hukimbilia kwanza, mimi silipendi sana kwa sheria za 2014. Macho ya kuona gizani hayapenyi ndani yake, hata yako. Unalirusha, halafu wewe na wenzako mnapapasa sawa na maadui, na mpiga upinde wenu anakutazama vibaya. Matumizi ninayoyakubali: lifanye juu ya kokoto, kisha funika kokoto hiyo kwa kikombe. Giza linazibwa. Ukihitaji kukimbia, fungua kikombe. Njozi ndogo kwa upande mwingine inadharauliwa bure. Haina gharama ya ki, na kreti ya uongo ya futi 5 kwenye ghala lililojaa kreti haitiliwi shaka na mtu.

Ngazi ya 6 inaleta hatua ya kivuli. Kwa tendo la ziada, lile dogo unaloruhusiwa mara moja kwa zamu, ukiwa kwenye nusu-giza au giza, unatoweka na kutokea mahali pengine unapopaona, hadi futi 60, mradi napo pana nusu-giza au giza. Kisha pigo lako la kwanza la karibu kabla zamu haijaisha unalitupia dadu mbili na kuchukua kubwa. Wengi wanasoma hapo na kudhani lazima utokee mgongoni kwa adui. Si lazima.

Chukua ghala la bandarini, urefu wa futi 120. Mchawi amekaa mezani na taa pembeni yake, kwa hiyo mwanga kamili unaishia futi 30 kutoka kwake na nusu-giza inaishia 60. Wewe uko juu ya boriti, futi 95 kutoka mezani, kwenye giza tupu. Unatoweka na kutokea nyuma ya magunia, futi 35 kutoka kwenye taa. Unapaona kwa sababu taa yake mwenyewe inapamulika kidogo. Kasi yako sasa ni futi 50, elfi 35 na nyongeza ya mtawa 15, kwa hiyo unazitembea futi 30 na kumfikia. Mapigo mawili, la kwanza kwa dadu mbili. Kila likimpata, unalipa pointi moja ya ki kujaribu kumduwaza. Kwa namba tulizoweka, anatakiwa kufikia 14 kwa dadu ya ustahimilivu, na mchawi wa kitabuni hana nyongeza yoyote hapo, kwa hiyo anashindwa mara 65 katika 100. Mapigo yote mawili yakimpata, uwezekano wa kumduwaza unakaribia 88. Akiduwaa hafanyi chochote hadi mwisho wa zamu yako inayofuata, na wenzako, ambao uliwaingiza kwa kupita bila alama, wako nyuma ya kreti futi chache tu.

Hesabu ki yako: ulikuwa na 6, umetumia 2 na 2, zimebaki 2. Na zamu hiyo huwezi kuongeza yale makonde mawili ya haraka, kwa sababu tendo la ziada limekwenda kwenye hatua ya kivuli. Hapo ndipo ninapopingana na wanaoshauri kuchovya ngazi mbili kwenye fani ya wezi. Wezi wanapata kujificha kwa tendo la ziada, ni kweli, lakini tendo hilo kwako lina foleni tayari. Tena pigo lao la kuvizia linadai silaha inayotumika kwa wepesi badala ya nguvu, au ya mbali. Ngumi haihesabiki, itabidi ubaki na upanga mfupi. Na hizo ngazi mbili zinakuchelewesha kuduwaza watu hadi ngazi ya 7. Ngazi moja tu, kwa ajili ya kuuzidisha ujuzi wa kunyata maradufu, naweza kuielewa. Mbili, hapana.

Tukija kwenye utu wake: shinobi halisi wa Iga na Koga, maeneo mawili ya Japani, kabla na baada ya mbabe wa vita Oda Nobunaga kuivamia Iga mwaka 1581, walikuwa wapelelezi zaidi kuliko wauaji, na walipita mchana kweupe wakijifanya watawa, wafanyabiashara au wasanii wa njiani. Ile suti nyeusi tumeirithi zaidi kutoka jukwaani na kwa wachoraji wa baadaye. Kwa hiyo mpe mhusika wako kazi ya mchana. Mfano wangu ni Kozi, mtawa wa shirika linaloosha na kusindikiza maiti. Anaingia nyumba yoyote, ya tajiri na ya maskini, kupitia mlango wa nyuma. Hakuna anayemtazama usoni zaidi ya sekunde mbili, na hakuna askari anayetaka kufungua jeneza. Amegundua kwamba wazee wa shirika wamekuwa wakiuza siri za nyumba hizo. Hapo DM ana adui, ana mji mzima wa kuchezea, na Kozi ana sababu ya kuhitaji wenzake: wazee ndio waliomfundisha, wanajua kila mbinu aliyonayo.

Kwa wanaotumia sheria za 2024, jipangeni upya. Kupita bila alama na ukimya vimeondolewa kwenye njia hii, na kwangu hiyo ni hasara kubwa kwa kundi. Badala yake giza linagharimu pointi moja tu, wewe unaona ndani yake, na unaweza kulisogeza kila zamu, kwa hiyo sehemu kubwa ya malalamiko yangu kuhusu giza haipo tena. Dadu ya ngumi inaanzia d6, yaani ya pande sita, badala ya d4. Na kujificha sasa kunataka ufikie angalau 15. Kama kwenye kundi lenu kuna druidi, yaani mchawi wa maumbile, au mlinzi wa misitu, mwombe yeye abebe kupita bila alama. Wao bado wanao.