Mtaa wa mita 20: kabla ya kugusa lami, pima steji

Saa mbili unusu asubuhi, mtaa kama Tom Mboya Street jijini Nairobi unaonekana umefurika matatu. Ukitazama vizuri utaona magari hayo ni ya aina mbili. Kuna yanayoingia mjini yamejaa, yanatafuta upenyo wa kushusha watu. Halafu kuna yaliyokwisha kushusha, sasa yanangoja abiria wa kurudi Eastlands au Thika Road saa ambayo karibu kila mtu anakuja mjini. Makanga anagonga bodi na kuita, dereva amezima injini, na gari limekalia mita kumi za ukingo wa barabara. Linalotaka kushusha linakosa pa kuegemea, linamwaga watu katikati ya leni, na jamu inarudi nyuma mpaka makutano yaliyopita.

Ndiyo maana nikiulizwa mtaa fulani unaweza kubeba mabasi mangapi, sianzi na idadi ya leni. Nauliza gari linakaa muda gani steji, yaani kituoni.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua nafasi moja ya kusimama. Gari likikaa dakika 10 likijaza, nafasi hiyo haiwezi kutoa zaidi ya magari 6 kwa saa, hata mambo yakienda sawa kabisa. Likikaa sekunde 60, usigawanye 3,600 kwa 60 ukashangilia. Ongeza sekunde 12 hivi za gari moja kutoka na lingine kuingia, kisha weka akiba, kwa sababu magari hayakai muda sawa: hili limemaliza kwa sekunde 30, lile limempata mama mwenye magunia mawili. Ukishaweka akiba hiyo utabaki na magari 29 hivi kwa saa. Teremsha muda wa kukaa hadi sekunde 20 na nafasi ile ile itatoa magari 73.

Kuongeza nafasi nako kuna mwisho wake. Zikipangwa mstari mmoja, ambapo la nyuma haliwezi kulipita la mbele, nafasi 3 hufanya kazi ya kama 2.5. Ya nne inaongeza kidogo, ya tano karibu si kitu, maana la kwanza likikwama yote yamekwama. Kwa hiyo steji ya kupita, ambayo gari husimama kidogo tu na kuondoka, huwa naipa nafasi 3, kila moja mita 12. Hapo, kila gari likikaa zile sekunde 20, unapata takriban magari 180 kwa saa kwenye mita 36 za ukingo. Yakiwa ya viti 33, hao ni karibu watu 5,900. Kutoa magari 180 yale yale kwa mtindo wa kungoja dakika 10 kunataka nafasi 30. Hata ukiyabana kwa mita 10 kila moja, ni mita 300 za matatu mfululizo. Mita 264 za tofauti ndizo tunazozitaka kwa ajili ya miguu, na hatujabomoa duka la mtu.

Hapa watu huchanganya mambo mawili, kuondoa kungoja na kuondoa matatu. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Abiria wakashushwa pembezoni, Ngara, Muthurwa na kwingineko, wakamalizia kwa miguu, wagonjwa na wazee wakiwemo, na amri hiyo ikasitishwa upesi. Kilichohamishwa siku hiyo kilikuwa abiria. Kinachopaswa kuhamia Muthurwa, Ngara au kituo cha Green Park ni gari tupu linalosubiri zamu; likiitwa liingie mjini, lipite steji mbili au tatu bila kukaa, litokee upande wa pili. Dereva mwenye tageti ya siku ya mwenye gari hatakubali hilo kwa kusomewa notisi. Atakubali akiona gari la sako (ushirika wa matatu) jirani halijabaki nyuma kumchukulia watu wake. Kwa hiyo mpango wa zamu na msimamizi wa kila steji ni sehemu ya mchoro, sawa na mtaro.

Kupima

Hesabu watu, usihesabu magari peke yake. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku za kawaida; Ijumaa ya mwisho wa mwezi ina tabia zake, na likizo ya shule hukudanganya. Saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, kwa vipande vya dakika 15. Muda wa kukaa upime kuanzia gurudumu linaposimama hadi linapozunguka tena. Ukianzia mlango utapotea, kwani mlango wa matatu huwa wazi kabla ya gari kusimama. Rudia zoezi zima siku moja ya mvua. Masika ndipo utakapojua watu hujibanza wapi, na maji hukaa wapi.

Kugawa

Tuchukue mtaa wa mita 20 kutoka ukuta wa duka hadi ukuta wa duka la ng'ambo, wenye njia za miguu za mita 2.5 kila upande, maegesho ya mita 2.25 kila upande na leni 3 za mita 3.5. Basi lina upana wa mita 2.5, vioo vya pembeni vikiongezwa linakaribia 3. Leni yake iachwe mita 3.5. Leni ya magari madogo haihitaji zaidi ya mita 3, ukiipa 3.5 unamwambia dereva akanyage mafuta. Kwenye kilomita 50 kwa saa gari huhitaji kama mita 28 kusimama, kwenye 30 huhitaji 13 au 14.

Ukiufanya mtaa wa njia moja, gawanyo langu kutoka kushoto ni hili: njia ya miguu mita 6.5, leni ya mabasi 3.5, leni ya magari mengine 3, ukanda wa kushusha mizigo 2.5, njia ya miguu 4.5. Leni ya mabasi iko kushoto kwa sababu milango ya matatu iko kushoto. Kuiweka katikati ni kumshusha abiria mbele ya magari, isipokuwa ununue mabasi ya milango ya kulia.

Zile mita 6.5 usiziache kama uwanja, maana uwanja utapata wenyewe kabla ya wiki kwisha. Nusu mita ya kwanza ni ya maduka: sanamu za nguo, spika, fundi wa simu na kimeza chake. Mita 3.5 zinazofuata ni za kutembea tu, hakuna nguzo, hakuna mti, hakuna kibanda. Mita 2.5 za mwisho, upande wa barabara, ni za steji, taa, miti na laini ya abiria. Laini hiyo ndiyo husahaulika kuliko vyote. Watu 33 wakipanga mstari wanachukua mita 18 hivi. Usipowachorea pa kusimama sambamba na barabara, mstari utakata njia ya miguu kwa upana wake, na wapitaji watashuka kwenye leni ya mabasi. Kwa kutembea nakadiria watu 30 kwa dakika kwa kila mita ya upana kabla hawajaanza kukanyagana visigino. Mita 3.5 zinapitisha zaidi ya watu 6,000 kwa saa. Njia ya zamani ya mita 2.5, bidhaa zikishabakiza mita moja, ilipitisha 1,800.

Luthuli Avenue ilifanyiwa kitu cha jinsi hii mwaka 2019: ikawa ya njia moja, na njia za miguu zikapanuliwa. Nenda ukaitembee ukiwa na futi mkononi, utajifunza mengi kuliko kwenye michoro.

Steji isichongwe ndani ya njia ya miguu kama ghuba. Gari likishaingia ghubani haliruhusiwi kutoka na walio nyuma, dereva analijua hilo, basi anasimama mdomoni mwa ghuba huku mkia ukiziba leni. Asimame kwenye leni yake mwenyewe, abiria apande kutoka ukingoni. La nyuma lisilosimama hapo litapita kwenye leni ya pili.

Chini ya magurudumu

Pale magari yanaposimama usimwage lami. Dizeli na oili vinavyodondoka huilainisha, jua la Januari linaongeza, na breki za magari 180 kwa saa zinaisukuma mpaka inajikunja mawimbi. Weka bamba la zege la milimita 250, lenye maungio kila mita 4.5, urefu wote wa nafasi 3 na mita chache za kufungia breki.

Njia ya miguu ni kabro, yale matofali ya zege ya kutandika. Za milimita 60 zinatosha kwa watu. Palipo na mlango wa gari au mkokoteni wa mizigo mizito, weka za 80. Chini yake mchanga wa milimita 30, basi. Kosa linaloharibu kazi nyingi liko hapa: fundi amekuta kitako, yaani tabaka lililo chini ya mchanga, hakikushindiliwa sawasawa, kina mabonde, naye anayajaza kwa mchanga. Siku ya makabidhiano kabro zimelala kama meza. Mvua ya kwanza inaubeba mchanga ule, na unapata vile vidimbwi vinavyokurushia maji ya tope mguuni ukikanyaga kabro moja iliyolegea. Mkaguzi aje na fimbo ya mita 3 kabla mchanga haujamwagwa, akiilaza juu ya kitako na kuchungulia chini yake. Akija baadaye amechelewa. Mawe ya ukingo nayo yatangulie na yashikwe na zege kwa nyuma, la sivyo kabro zote zitatambaa kuelekea barabarani.

Kivuko kwenye tuta pana ndicho ninachokipenda kwa mitaa ya aina hii: milimita 100 kwenda juu, mteremko wa mita 2 kila upande, na juu pawe tambarare angalau mita 6 ili basi lisiwarushe abiria. Lakini tuta hilo ni bwawa. Chora mfereji wa kupokea maji upande wa juu wa mteremko kabla hujachora tuta lenyewe. Mifuniko iwe ya zege. Ya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shimo linalobaki ni la kuvunja mtu mguu usiku.

Kutoka njia ya miguu ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde alihitaji karibu sekunde 13 kuvuka mita 15 za zamani. Sasa, ukanda wa mizigo ukikatizwa kivukoni, anavuka mita 6.5 za leni mbili kwa sekunde 5 au 6. Taa zinaweza kuwa na mzunguko mfupi, sekunde 60 hadi 80 kwa jumla, na afadhali ziwe hivyo, kwa sababu aliyengojeshwa kupita kiasi ataingia barabarani taa ikiwa nyekundu. Hili lote linavunjika askari wa trafiki akizima taa na kuongoza kwa mkono. Anaachilia upande mmoja dakika nyingi, matatu zinafika steji zikiwa kundi la kumi, na nafasi zako 3 zinaonekana hazikuwahi kutosha. Kabla ya kufungua mtaa, kaa na kamanda wa eneo mkubaliane ni makutano gani hayaguswi.

Bodaboda hazizuiliki kwa vigingi. Kiti cha magurudumu kinahitaji karibu mita moja kupita kwa raha, na pikipiki ni nyembamba kuliko hapo. Ukivibananisha vigingi ili kuizuia pikipiki umemfungia nje mlemavu. Viachane mita 1.2 hadi 1.5, vizuie magari, na uwape boda pa kuegesha kwenye kona za mitaa ya pembeni, alama zikiwa zimechorwa. Mikokoteni ya wenye maduka ya jumla ipewe ukanda wa mizigo kabla ya saa 1 asubuhi na tena saa 4 hadi saa 9 mchana. Ukiinyima nafasi itashushia leni ya mabasi, na itakuwa na haki nusu.

Rangi peke yake haimlindi mtu. Thika Road ilichorwa mstari mwekundu wa BRT (mabasi yaendayo haraka) mwaka 2018, mabasi yenyewe hayakuwepo, na magari yakaendelea kupita juu yake kama kawaida.

Anza na mapipa yaliyojazwa mchanga, rangi ya muda na vigingi vya plastiki, kwa wiki 6 za muhula wa shule. Watu watakuonyesha pa kuvukia palipo sahihi kwa kukiruka kivuko chako, sogeza kivuko. Kila Jumatano pima tena muda wa kukaa kwa njia ile ile ya mwanzo. Wastani ukiwa haujashuka chini ya sekunde 40 kufikia wiki ya tatu, oda ya zege isimame, na mazungumzo yarudi kwa wasimamizi wa steji.