JPG ikigeuzwa PNG hairudishi kilichopotea

Nimeletewa tena sentensi ile ile: "Kaka, logo ilikuwa JPG, nimeipitisha mtandaoni sasa ni PNG, kwa hiyo ina ubora, chapa tu." Hapana. JPG na PNG ni aina mbili za faili za picha, na ubora uliokuwa umetoka haujarudi hata chembe. Kilichoongezeka ni uzito wa faili, na nadhani uzito huo ndio unaowadanganya watu.

JPG hubana picha kwa kutupa. Inatenganisha mwanga na rangi, kisha kwa mipangilio ya programu nyingi rangi inahifadhiwa nusu kwa upana na nusu kwa kimo, yaani pikseli 4 (nukta ndogo zinazounda picha) zinagawana rangi moja. Baada ya hapo picha inakatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande mabadiliko madogo yanakadiriwa kijuujuu au yanafutwa kabisa. Kwenye picha ya harusi huoni tofauti, maana ngozi, kitambaa na majani vinaificha. Logo haina pa kuficha.

Chukua logo yenye herufi nyekundu juu ya nyeupe, iliyopita WhatsApp mara mbili tatu, uivute hadi asilimia 400. Tazama pembeni mwa herufi. Nyeupe imejaa vidoa vya kijivu na waridi, kama vumbi lililoganda, na vumbi hilo linakatika ghafla kwenye mstari ulionyooka. Mstari ule ndio mpaka wa kipande cha 8 kwa 8. Nyekundu nayo imevuja nje ya ukingo wake, kwa sababu ya zile pikseli 4 zinazogawana rangi. Sasa igeuze iwe PNG, uivute tena. Kila kidoa kipo palepale.

Na lazima kiwepo, kwa sababu kazi ya PNG ni kutunza kila pikseli inayopewa. Inabana kwa kutafuta yanayojirudia, na vumbi halijirudii. Ndiyo maana JPG ya KB 180 inaweza kutoka PNG ya MB 1 na ushei. Logo hiyo hiyo ikitolewa moja kwa moja kwenye faili ya kazi ya mbunifu, ikiwa na rangi tupu bila vumbi, PNG yake mara nyingi inakuwa nyepesi kuliko hata ile JPG. Kwa hiyo PNG nzito ya logo ya rangi mbili inanipa wasiwasi.

Kuna mahali pamoja ambapo kugeuza JPG kuwa PNG kuna maana: unapotaka kuihariri na kuihifadhi mara nyingi. Kila unapoihifadhi upya kama JPG makadirio yanafanywa upya, na uharibifu unajilimbikiza. PNG inausimamisha hapo ulipofikia, lakini haiurudishi nyuma.

Kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili si kugeuza chochote. Faili ya JPG huanza na baiti FF D8 FF, ya PNG huanza na 89 50 4E 47, hata uiite jina gani. Simu inaifungua kwa kuwa inasoma baiti hizo; mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi unaokagua yaliyomo ndani ya faili utaikataa, na utabaki kulaumu mtandao.

Mandharinyuma pia. JPG haiwezi kubeba uwazi (sehemu zisizo na rangi yoyote), kwa hiyo ukiigeuza PNG lile boksi jeupe nyuma ya logo linabaki. Kuliondoa ni kazi nyingine. Ukienda kinyume, kutoka PNG yenye uwazi kwenda JPG, sehemu tupu zitajazwa nyeupe au nyeusi kulingana na tovuti. Chagua mwenyewe rangi ya kujaza kabla hujabonyeza.

Halafu kuna tovuti zinazoahidi kutoa SVG, faili inayohifadhi picha kama mistari badala ya pikseli. Fungua hiyo SVG kwa programu ya maandishi ya kawaida. Ukikuta "data:image/png;base64" ikifuatwa na msururu wa herufi usioisha, umepewa PNG ile ile ndani ya bahasha mpya. Nyingine kweli huchora mistari upya kwa kufuata kingo. Kwa logo ya rangi mbili yenye upana wa pikseli 2000 matokeo yanaweza kufaa. Kwa logo ndogo yenye vumbi, zinachora na vumbi, na herufi "a" inatoka na mabonde. Mpaka uko wapi hasa kati ya inayofaa na isiyofaa, siwezi kukupa namba. Naangalia kwa jicho.

Vivyo hivyo namba ya ubora unapohifadhi JPG. Hakuna kipimo cha pamoja: 85 ya programu moja si 85 ya nyingine. Mimi naweka 90 kwa picha za watu, na ninakiri ni mazoea tu.

Picha za iPhone za HEIC, zilizoanza na iOS 11 mwaka 2017, zigeuze kwenda JPG mara moja tu, usirudierudie. Tovuti nyingine hufuta taarifa za ndani ya faili, ndipo picha inatoka imelala ubavu au rangi zimepauka.

Vitambulisho na vyeti usivipakie kwenye tovuti hizi. Ahadi kwamba faili inafutwa baada ya saa 1 huna namna ya kuihakiki. Squoosh, tovuti ya kugeuza picha, hufanya kazi ndani ya kivinjari chako mwenyewe. Ukurasa ukishafunguka unaweza kukata intaneti na bado ikageuza.

Na fanya hesabu kabla ya kuchapa. Logo ya pikseli 500 kwa upana, kwa pikseli 300 kwa inchi, ni sentimita 4 na kidogo. Ukiitandaza kwenye bango la mita 3, kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 6. Kubadilisha ile namba ya dpi (pikseli kwa inchi) kutoka 72 kwenda 300 bila kuongeza pikseli hakubadilishi hesabu hiyo.

Kwa hiyo mrudie aliyekutengenezea logo, umwombe faili ya mistari, yaani AI (ya Adobe Illustrator), EPS, SVG au PDF, na akutumie kama dokumenti, asiitume kama picha. Ikifika PDF, ivute hadi mwisho. Kingo zikibaki kali, niletee. Zikitokea ngazi za pikseli, mwambie hiyo nayo ni JPG iliyovishwa PDF.