Tawi la bangi lenye maua bado linaota mizizi

Hata pale sheria inaporuhusu kupanda bangi, wakulima wengi huamini kwamba mmea ukishaanza kutoa maua, tawi lake likikatwa haliwezi kuota mizizi. Si kweli. Linaota, ila huchukua muda mrefu zaidi, na vipandikizi vingine hufa njiani.

Bangi ya kawaida hufuata urefu wa usiku. Giza likifika kama saa 12 mfululizo, maua huanza. Hali hiyo haiondoi uwezo wa shina kutengeneza mizizi. Kipandikizi kikipata mwanga wa saa 18 kwa siku, hurudi polepole kwenye ukuaji wa majani.

Hapo ndipo vipandikizi vizima hutupwa bure, na inasikitisha. Majani ya kwanza hutoka ya ajabu: ya mviringo, kingo laini zisizo na meno, kila jani likiwa na kidole kimoja badala ya vidole vitano au saba. Mtu akiyaona hudhani ni ugonjwa. Ni mmea tu unaobadili mwelekeo. Baada ya wiki kadhaa majani ya kawaida hurejea, na matawi huchipua kwa wingi.

Afadhali tawi la chini, lenye maua machanga. Maua yaliyokomaa hushika unyevu na kuingiwa na ukungu.

Aina zinazotoa maua kwa umri, si kwa urefu wa usiku, ni habari nyingine kabisa. Kipandikizi cha aina hizo huendelea na umri wa mmea mama na hakirudi kwenye majani, hata ukikiwashia taa usiku kucha.