Je, Wajua Kwa Nini Vyuo Vikuu vya Marekani Hucheza Fainali Wakati Msimamo wa Ligi Tayari Upo?

Mwanzoni mwa Desemba kila mwaka, msimu wa kawaida wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu unapokuwa umekwisha, timu mbili kutoka kila konferensi kubwa hukutana katika mchezo mmoja wa ziada wa kumpata bingwa. Konferensi ni umoja wa vyuo vinavyoshindana msimu mzima chini ya ratiba na kanuni za pamoja, na hutunza msimamo wake kama ligi yoyote ile. Msomaji aliyezoea soka, ambako anayeongoza msimamo siku ya mwisho ndiye anayekabidhiwa kombe, ana haki ya kuuliza mchezo huo wa ziada ni wa kazi gani.

Jibu la kwanza ni la hesabu. Huu ni mchezo wa watu kugongana kwa nguvu, kwa hiyo timu hucheza mara moja tu kwa wiki, na msimu wa kawaida una michezo 12, ambayo kabla ya mwaka 2006 ilikuwa 11. Sehemu ya michezo hiyo huchezwa dhidi ya vyuo vya nje ya konferensi. Umoja wenye wanachama 10 unaweza kuikutanisha kila timu na wenzake wote 9, ijapokuwa hakuna nafasi ya marudiano, lakini wanachama wakiongezeka, ratiba huanza kuacha mapengo. Big Ten, yaani Kumi Kubwa, konferensi ambayo leo ina vyuo 18 na bado haijaona haja ya kubadili jina, huipa kila timu wapinzani 9 tu kati ya 17. Timu mbili zinaweza kumaliza msimu zote zikiwa hazijafungwa bila kuwahi kuonana uwanjani, na msimamo peke yake hauwezi kusema ipi ni bora.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haielezi mchezo wenyewe ulianzaje, kwa sababu kwa miaka mingi konferensi ziliridhika kutangaza mabingwa wawili wa pamoja na kuendelea na shughuli zao. Mlango ulifunguliwa na vyuo vidogo. Konferensi moja ya vyuo vya umma vya jimbo la Pennsylvania, vinavyocheza daraja la pili, ilikuwa na wanachama 14 waliogawanywa katika makundi mawili, na ilitaka viongozi wa makundi hayo wakutane bila kupunguziwa mchezo wao mmoja wa msimu. Mwaka 1987 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikubali kwamba konferensi yenye wanachama wasiopungua 12, iliyogawanywa makundi mawili ambamo kila timu inakutana na zote za kundi lake, inaweza kuongeza mchezo mmoja wa ubingwa nje ya idadi iliyoruhusiwa. Konferensi kubwa hazikushughulika na kipengele hicho, maana karibu zote zilikuwa na wanachama 10 au pungufu.

Aliyekiona kilivyo na thamani ni Roy Kramer, aliyekuwa kamishna wa Southeastern Conference, yaani SEC, kuanzia mwaka 1990. Umoja huo wa kusini-mashariki mwa Marekani ulikuwa na vyuo 10 tangu 1966. Ulipowapokea Arkansas na South Carolina, ulifika 12 kamili, ukagawanywa Mashariki na Magharibi, na msimu wa 1992 ukawa wa kwanza kwa konferensi ya daraja la juu kumalizika kwa fainali yake yenyewe. Hapa lazima tukumbuke hukumu ya mwaka 1984, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vya Oklahoma na Georgia, ilikiondolea NCAA mamlaka ya kudhibiti peke yake matangazo ya futiboli ya vyuo kwenye televisheni. Baada ya hapo vyuo na konferensi ziliweza kuuza michezo yao zenyewe, na mchezo mmoja wenye uhakika wa kuwa mkubwa, uchezwao siku isiyo na michezo mingi, ni bidhaa ambayo kituo chochote cha televisheni kingeitaka.

Makocha wengi hawakuufurahia mpango huo, na hofu yao ilikuwa na msingi. Wakati huo ubingwa wa taifa uliamuliwa kwa kura za waandishi wa habari na za makocha, si kwa mtoano, na timu iliyofungwa mchezo mmoja mwishoni mwa msimu iliporomoka katika orodha hizo. Kwa nini timu isiyofungwa ilazimishwe kuhatarisha kila kitu Desemba, ilhali washindani wake wa konferensi nyingine wamepumzika nyumbani?

Fainali ya kwanza nusura iwape haki. Tarehe 5 Desemba 1992, kwenye uwanja wa Legion Field mjini Birmingham, Alabama iliyokuwa imeshinda michezo yote 11 ilikutana na Florida ya kocha Steve Spurrier, iliyokuwa imekwisha kufungwa mara tatu. Florida ilitoka nyuma ikasawazisha 21–21, na ilikuwa na mpira mkononi zikiwa zimesalia dakika tatu na kidogo, pale Antonio Langham wa Alabama aliponasa pasi ya Shane Matthews na kukimbia nayo yadi 27 hadi mstari wa kufungia. Alabama ilishinda 28–21, kisha siku ya Mwaka Mpya ikaichapa Miami 34–13 na kutwaa ubingwa wa taifa. Kama Langham angeukosa mpira ule, huenda wazo la Kramer lingezikwa mapema.

Hofu ya makocha ilitimia mwaka 1996, ila kwa konferensi nyingine. Big 12 ilicheza fainali yake ya kwanza mjini St. Louis, na Nebraska, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa taifa miaka miwili mfululizo na kuwania wa tatu, ilifungwa 37–27 na Texas iliyokuwa imeshinda michezo 7 tu. Pamoja na hayo, konferensi nyingine zilifuata: ACC mwaka 2005, kisha Big Ten na Pac-12 mwaka 2011.

Kwa maoni yangu, ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu kazi halisi ya fainali hizi ulitoka Big 12 hiyo hiyo. Mwaka 2011 ilibaki na wanachama 10, ikakosa sifa ya kuandaa fainali, na kila timu ikawa inakutana na nyingine zote. Kwa upande wa haki, hakuna utaratibu bora zaidi ya huo. Lakini mwaka 2014, ulipoanza mtoano wa timu nne zilizochaguliwa na kamati, Big 12 ilikuwa na mabingwa wawili wa pamoja, Baylor na TCU, na wote waliachwa. Nafasi ya nne ilikwenda kwa Ohio State, ambayo siku ya mwisho ilikuwa imeiangamiza Wisconsin 59–0 katika fainali ya Big Ten, na ambayo hatimaye ilitwaa ubingwa wa taifa. Januari 2016 kanuni ya wanachama wasiopungua 12 ililegezwa, na mwaka 2017 fainali ya Big 12 ikarudi. Oklahoma ilikutana tena na TCU, timu iliyokuwa imeifunga wiki chache tu kabla, na ikaifunga tena, 41–17. Mchezo huo haukuwa na swali lolote ambalo msimu haukuwa umelijibu. Ulikuwepo kwa ajili ya macho ya kamati na mapato ya matangazo.

Mwaka 2022 NCAA kiliondoa masharti yaliyobaki, makundi yakafutwa karibu kila mahali, na sasa wanaocheza fainali ni wawili wa juu kwenye msimamo. Kisha mwaka 2024 mtoano ukapanuliwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa konferensi wenye nafasi za juu zaidi wakahakikishiwa kuingia. Upanuzi huo umeupunguzia mchezo uzito kwa namna ambayo Kramer hakuweza kuitazamia. Mwaka huo huo Texas ilifungwa na Georgia katika fainali ya SEC na bado ikaingia kwenye mtoano. Mwaka 2025 Duke iliifunga Virginia 27–20 katika muda wa nyongeza na kuwa bingwa wa ACC, lakini haikuwa miongoni mwa mabingwa watano wa juu, ikaachwa nje. Miami, mwanachama wa konferensi hiyo hiyo ambaye hakufika hata kwenye fainali yake, ilichaguliwa na kamati na kucheza mchezo wa mwisho wa kuwania ubingwa wa taifa.