Kuugulia safarini: yasemwayo ndani ya basi na yaliyomo kwenye sheria

Tulikuwa tumetoka Kisumu asubuhi, mimi na mjomba wangu, tukielekea Nakuru. Baada ya Londiani mzee akaanza kutokwa jasho na kusema maneno yasiyoshikana. Ni mtu wa Kakamega, na ni mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Alikuwa amejidunga insulini yake, dawa ya kushusha sukari, kama kawaida, kisha akaacha chai mezani kwa kuwa basi lilikuwa linaondoka.

"Huyo mzee ameamkia chang'aa," kondakta akasema.

Hapo kila abiria akawa daktari na wakili. Mmoja alisema zahanati za huku hazina kitu, tumkimbize Nakuru. Mwingine akaniuliza kama niko na pesa, kwa sababu bila pesa hakuna atakayemgusa. Wa tatu, mama mmoja mwenye huruma ya kweli, akanishauri turudi tu nyumbani, maana kadi ya bima ya afya ya mtu wa Kakamega haitambuliki kaunti nyingine. Kwa dakika tano nilisikia karibu kila kosa ambalo watu wetu huamini kuhusu kuugulia njiani.

"Vituo vidogo havina kitu, nenda hospitali kubwa"

Tulishuka kwenye kituo cha afya kilichokuwa kando ya barabara: benchi moja, dirisha la dawa, foleni ya akina mama na watoto wa chanjo. Muuguzi alimtazama mzee mara moja, akamdunga kidole. Kipimo kikasoma 2.1 (mmol/L). Kwa mwenye kisukari, chini ya 4 sukari imeshuka kupita kiasi, na ikishuka hivyo ubongo unakosa chakula chake. Ndiyo maana mtu huyumba na kuropoka kama mlevi. Akamtia glukosi kwenye mshipa. Haikupita robo saa mjomba akaketi wima na kuuliza, "Kofia yangu iko wapi?"

Kutoka pale hadi Nakuru mjini, nyuma ya malori ya Salgaa, ni saa nzima au zaidi. Huo si muda wa kuucheza. Kituo kidogo hakifanyi upasuaji, lakini kinaweza kupandisha sukari, kuzuia damu isimwagike, kuweka dripu, kisha kukupa rufaa ukiwa hai. Na niseme la aibu: soda ilikuwa kwenye mkoba wangu muda wote ule. Mzee alikuwa bado anaweza kumeza, na soda ya kawaida yenye sukari ingemsaidia kabla hata basi halijasimama. Angekuwa amezimia ingekuwa hatari, kwa sababu mtu asiye na fahamu hatiwi kitu mdomoni.

Kuna hali moja ambapo wanaotaka hospitali kubwa wana hoja: kiharusi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukalegea, usemi ukakwama ghafla, mgonjwa anahitaji mahali penye mashine ya kupiga picha ya ubongo, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Angalia saa, uikumbuke. Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

(Mgeni akiambiwa Kisumu "mpeleke Russia" asishtuke. Ni Jaramogi, hospitali ya rufaa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, na jina la mtaani limegoma kufutika. Nakuru vilevile: uliza PGH, utaonyeshwa hospitali ya rufaa ya kaunti.)

"Bila pesa hawakugusi"

Hili ndilo linaloua, na halikuzuliwa hewani. Mimi mwenyewe, miaka kadhaa kabla ya safari hiyo, nilisimama kwenye dirisha la hospitali moja ya kibinafsi nikiwa na jirani anayevuja damu, karani akinitajia malipo ya kuanzia bila kuinua macho. Sikujua la kumjibu. Leo ningelijua.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Neno ni "mtu", halikusema raia. Kwa hiyo dereva wa lori kutoka Uganda aliyepata ajali kati ya Malaba na Bungoma analindwa sawa na mwenyeji wa Bungoma. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu ya dharura ikikataa, imetenda kosa, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni 3. Haikutofautisha ya umma na ya kibinafsi. Sheria hiyo inahesabu pia huduma kabla ya kufika hospitalini, kutuliza hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale ambapo kituo hakina uwezo.

Kwa hiyo ukifika kwenye dirisha, usianze na habari ya pesa. Taja hali: anavuja damu, hapumui vizuri, hajitambui, uchungu wa uzazi umekaza. Ukianza na "hatuna pesa", umejipeleka kwa karani mahali pa kupelekwa kwa muuguzi.

"Basi dharura ni bure"

Hapana. Wanaosoma Katiba nusu huumia hapa. Kutonyimwa si sawa na kutolipishwa. Haki hiyo inakufikisha mahali pa kutulia. Kinachofuata, kama kitanda, upasuaji wa baadaye na dawa za kuendelea, kina bili yake. Tangu Oktoba 2024, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali ya taifa, kuna mfuko uliotengwa kwa dharura na magonjwa sugu, na mwingine wa huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya, ambao unakutaka uwe umejisajili tu. Mfuko wa bima wenyewe, unaolipia kulazwa, unataka mchango uwe umelipwa. Hospitali nazo zimekuwa zikilalamika kwamba SHA inachelewa kuzilipa, na lawama hizo humshukia mgonjwa dirishani.

Kuhusu kadi ya Kakamega, yule mama alikosea. SHA ni ya taifa. Jambo la kuuliza ni kama kituo kina mkataba nayo, haijalishi kiko kaunti gani. Kujisajili ni *147#, kazi ya kufanya ukiwa nyumbani na si ukiwa kwenye machela.

"Lazima kitambulisho, lazima P3"

Matibabu huja kwanza. Aliyeokotwa barabarani bila jina huandikwa hivyohivyo, jina litafutwe baadaye. Fomu ya P3 ni ya polisi, kwa ajili ya ushahidi mahakamani. Hujazwa na daktari baada ya kumwona majeruhi. Anayekurudisha kituo cha polisi ukiwa na mfupa nje ameupindua utaratibu.

"Usipolipa watakufungia"

Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya umma Nairobi kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Deni halifutiki, na hospitali inaweza kulidai kortini, lakini mwili wako si dhamana. Kwenye hospitali za umma uliza ofisi ya ustawi wa jamii mapema, siku ya kulazwa kama inawezekana. Huko ndiko habari za kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo huzungumzwa.

"Daktari ataona kila kitu kwenye kompyuta"

Hataona. Vituo vingi havisomani, na baadhi bado ni daftari na kalamu. Muuguzi wetu alijua mzee anatumia insulini kwa sababu mimi nilimwambia. Ningekuwa sipo, angeanza kukisia. Mzee aliporuhusiwa nilimwomba muuguzi atuandikie alichopima, alichompa na saa ngapi, kwa ajili ya daktari wake wa Kakamega. Aliandika nyuma ya karatasi ya kliniki ya watoto, akagonga muhuri.

Siku hizi mjomba ana karatasi yake: jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, dawa inayomdhuru, namba yangu ya simu. Ameikunja mara nne na kuiweka ndani ya kofia, pamoja na peremende tatu.