Sukari kushuka ni nini, na kidonge kinahusikaje?

Mgonjwa wa kisukari akidondoka ghafla, watu husema "sukari imepanda". Maneno hayo yananiuma, maana anayeyaamini humnyima mgonjwa kijiko cha sukari ambacho kingemwokoa. Kama anatumia dawa, kwanza shuku kwamba imeshuka.

Sukari imeshuka ikiwa kipimo kinasoma chini ya 3.9 mmol/L (milimoli kwa lita). Ubongo huishi kwa sukari ya damu. Ikipungua, mtu hutetemeka, jasho la baridi humtoka, moyo humwenda mbio, huropoka kama mlevi, kisha huzimia.

Si vidonge vyote vya kisukari huleta hali hii. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kumfikisha mtu huko. Vya kuangaliwa ni vya jamii ya sulfonilurea, kama glibenklamidi, ambavyo hulisukuma kongosho limwage insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Hata kugunduliwa kwake kulitokana na watu kuzimia: mwaka 1942, huko Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon aliwapa wagonjwa wa homa ya matumbo dawa mpya ya salfa, akaona baadhi yao wanapata degedege na kupoteza fahamu. Sukari ilikuwa imeporomoka. Mwenzake, Auguste Loubatières, akaifuatilia, na madhara yale yakazaa tiba ya kisukari.

Sasa mtazame mzee wa Chamwino wakati wa palizi. Alfajiri anameza kidonge, chai anaiacha ili awahi shamba kabla jua halijachoma. Ugali wa uwele na mlenda atakula akirudi. Saa nne jembe linamponyoka. Kidonge kimefanya kazi yake, ila tumboni hakuna kitu. Figo zikiwa zimechoka, hatari huongezeka, na Shirika la Afya Duniani linasema glibenklamidi haifai kwa waliozidi miaka 60. Inafaa kuliuliza hilo kliniki, si kuacha dawa kimyakimya.

Kama bado anameza vizuri, mkorogee vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au mpe nusu chupa ya soda yenye sukari, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Hata akizinduka, apelekwe: glibenklamidi huweza kufanya kazi hadi saa 24, na sukari ikashuka tena usiku, nyumba nzima imelala.